Gari la Rali Uani: Jinsi ya Kulijenga Bila Kula Mtaji wa Duka



Swali ninaloulizwa zaidi hapa dukani si bei ya oili wala ya tairi. Ni hili: "Bosi, ile Peugeot ya uani inakulipa nini?" Anauliza dereva wa Noah, anauliza mama muuza karanga, anauliza abiria anayesubiri gari la Mitundu. Nimeona nijibu mara moja kwa kirefu, maana jibu linamhusu kila mwenye biashara ndogo na ndoto kubwa kuliko mtaji wake.

Nina duka la spea, na nyuma ya nyumba nina gereji ya mabati. Wateja wangu ni bodaboda, Probox na Noah za njia ya Rungwa, matrekta ya wakulima wa alizeti, na malori ya jasi. Katikati ya gereji, juu ya stendi nne, kuna Peugeot 504 saluni. Naijenga iwe gari la rali la kizamani, kama yale yaliyokimbia Safari Rally miaka ya 70. Huu ni mwaka wa tatu. Sijakopa popote, na duka halijapungua hata boksi moja la plagi kwa ajili yake. Ndo hapo penye somo.

KWA NINI GARI KUUKUU?

Kwanza tuelewane kuhusu mbio zenyewe. Safari ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi waligawa magari kwenye madaraja kwa bei yake ya dukani badala ya ukubwa wa injini. Yaani swali la mwanzo lilikuwa la mnunuzi kabisa: kwa pesa niliyonayo, gari gani litanifikisha?

Na kufika kulikuwa kazi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404. Katikati ya hapo, 1966 na 1967, ubingwa ulikuja kwa dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, nao na 404. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na 504. Kwa hiyo mtu akiniambia Peugeot ni gari la walimu wastaafu, huwa nacheka tu.

Lakini anayenipa nguvu kuliko wote ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi mwenye gereji, akakulia kwenye spana. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544 iliyotumika. Mwaka uliotangulia gari hilo lilikuwa la timu ya kiwanda, likakimbizwa na kuchakaa. Wao wakalichukua, wakalifungua, wakalikagua na kulifunga upya. Wakapewa namba 1, wakaondoka wa kwanza, wakafika wa kwanza. Mtumba ukayapiga magari ya viwanda! Joginder akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi Lancer.

Tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya zamani, na baadhi ya miaka yamepita hadi Tanzania. Kwa hiyo gari la aina hii likijengwa sawasawa lina mahali pa kwenda, na lina watu wanaolitafuta. Hilo nililijua kabla sijatoa shilingi. Usijenge kitu kikubwa kabla hujajua nani anakihitaji.

HATUA YA KWANZA: KARATASI

Gari nililipata kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Lilikaa miaka chini ya mwembe, na wanunuzi wa chuma chakavu walishalipimia kwa macho. Nilimpa shikamoo, nikakaa, tukaongea mvua na watoto, na kabla sijagusa boneti nikamwomba kadi ya gari. Akaitoa kwenye sanduku, imekunjwa ndani ya bahasha, jina lake na namba ya chesisi vinasomeka.

Wengi wanaanza na injini. Mimi nasema anza na kadi. Gari la rali haliendi kwenye mashindano kama mzigo tu. Linatembea barabara za watu wote kutoka kipande kimoja cha mbio hadi kingine, kwa hiyo lazima liwe gari halali barabarani. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi. Fanya uhamisho wa umiliki TRA wakati muuzaji bado yupo na anakumbuka. Bodi ya bure isiyo na karatasi ni chuma chakavu cha bei ghali.

HATUA YA PILI: BODI

Injini inanunulika, gia boksi inanunulika. Bodi iliyooza haina dawa ya haraka. Itigi kuna ukame mrefu, na ukame huo umelilinda hili gari kuliko rangi yake. Kutu niliikuta sehemu tatu tu: chini ya betri, kwenye sakafu ya dereva, na kwenye kingo za chini za milango. Chukua nyundo ndogo, gonga. Penye mlio mkavu pazima. Penye mlio mzito pana pati imefichwa.

Saluni ya 504 ina jambo moja tamu. Magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea, kila moja na mkono wake na springi yake. Pikapu ya 504 ina ekseli moja nzima nyuma, nzuri kwa magunia, lakini si hiyo tunayoitaka kwa mwendo wa mashimo.

Bodi ya kiwandani imeunganishwa kwa nukta nukta za moto. Ukiikimbiza kwenye makorongo, zile nukta zinaanza kuachia. Kwa hiyo tunaondoa rangi kwenye viungio, tunasafisha, halafu tunashona kwa vipande vifupi vya kuchomelea. Mimi naweka sentimita mbili na nusu, naruka saba, naweka tena, na nahama upande ili bati lisipate joto likajikunja. Mashine ya fimbo inatoboa bati jembamba, hapo inatakiwa mashine ya waya na gesi. Hiyo mashine nilikuwa ninayo kwa kazi za dukani, ndo maana nilithubutu.

Sasa sikiliza biashara ilipoingia. Gari la rali linahitaji bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue sampu. Nilipotengeneza la 504, dereva mmoja wa Probox akaliona akasema, "Fundi, na mimi nifanyie hilo, nimechoka kununua sampu." Nikamfanyia. Akaja mwenzake wa IST, akaja wa Noah. Hesabu yake hii hapa:

– Bati la milimita 4, kipande cha sentimita 60 kwa 80, lina uzito wa kilo 15 hivi. Bati, bolti, waya na umeme: 60,000.
– Ujira wa dogo anayenisaidia: 20,000.
– Bei kwa mteja: 120,000.
– Kinachobaki: 40,000.

Hiyo 40,000 ndiyo iliyozaa kanuni ya nyumba yetu.

KOPO MBILI

Mama watoto ndiye anayeshika daftari. Aliniambia siku ya kwanza gari lilipoburutwa hadi uani: "Baba, sikukatazi. Lakini hilo gari lile jasho lake lenyewe."

Tukaweka kopo mbili. Moja la duka, moja la gari. Kazi yoyote iliyozaliwa na gari, yaani mabamba, kushona bodi, kurekebisha springi, faida yake inakatwa nusu kwa nusu. Mauzo ya kawaida ya duka hayagusi kopo la gari hata kwa shilingi mia. Na kopo la gari haliruhusiwi kuazima. Likiwa tupu, gari linasimama.

Rahisi kuandika, ngumu kuishi. Ilipimwa mwaka jana, mwezi wa tano.

Injini ya 504 yetu ni ya cc 1971, silinda nne. Sababu kubwa ya kuipenda ukiwa mji mdogo kama wetu ni kwamba silinda zake ni slivu zinazochomolewa. Injini nyingi zikila silinda unazisafirisha kwenda kwenye mashine ya kuchonga. Hii unachomoa slivu nne za zamani, unaingiza mpya na pistoni zake na ringi zake, unaendelea na maisha. Inafanyika uani, kwa subira na usafi. Cha kuangalia sana ni slivu ikae kwenye gasketi yake ya chini, na ichomoze kidogo tu juu ya bloki, sawa kwa zote nne, ili hedi iikandamize vizuri. Ikizama, maji yanaingia kwenye oili. Na hedi ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda, kwa hiyo rejeta na feni si vitu vya kubahatisha.

Basi, nikapigiwa simu kutoka Dar. Seti kamili ya slivu na pistoni, mzigo wa zamani haujafunguliwa, 700,000. "Kaka, nakupa wiki moja, kuna mtu mwingine anaitaka." Kopo la gari lilikuwa na 290,000. Pungufu 410,000. Na kwenye kopo la duka kulikuwa na 1,800,000, pesa ya kujaza mzigo kabla ya msimu wa alizeti. Mikanda, bearingi, filta, mipira ya pikipiki, vitu ambavyo mkulima akivuna anakuja kuvinunua kwa mkupuo.

Nakiri tamaa ilikuwepo. Seti kama ile haikai dukani. Nilimwita mama watoto, tukakaa na daftari mezani. Hakupandisha sauti. Akauliza, "Wateja wa alizeti wakija wakakuta rafu tupu, mwakani watarudi kwetu?" Nikanyamaza. Akaongeza, "Gari limekaa chini ya mwembe miaka yote hiyo, halina haraka. Wenye haraka ni watoto, ada ni mwezi wa kwanza."

Nikampigia yule wa Dar, nikamwambia amuuzie huyo mwingine. Akauza siku ileile.

Gari likakaa miezi tisa bila injini. Watu wakaanza kulitania, wengine wakasema nifugie kuku humo. Sitawadanganya, iliuma. Kila asubuhi nilikuwa napita pembeni yake na spana mkononi nikienda kufungua gari la mtu mwingine.

Lakini tuangalie namba. Msimu ule mzigo wa 1,800,000 uliisha wote, ukaacha faida ya 540,000, yaani asilimia 30. Ningechomoa 410,000, ningepoteza faida ya 123,000, achilia mbali wateja ambao wangehamia duka la jirani. Huku nyuma tukaendelea na mabamba. Ndani ya miezi tisa niliuza 24. Nusu ya faida kwa gari ni 20,000 kila moja, jumla 480,000, na duka likapata 480,000 ileile. Mwezi wa pili mwaka huu nikapata seti nyingine, safari hii 760,000. Kopo lilikuwa na 770,000. Nikalipa, ikabaki elfu kumi.

Subira ilinigharimu 60,000 zaidi. Haraka ingenigharimu 123,000 na heshima ya duka. Chagua mwenyewe.

Injini iliwaka mwezi wa tatu. Mama watoto alikuwa wa kwanza kukaa kiti cha abiria, japo hatukutoka hata nje ya geti.

UMEME, MAFUTA NA VUMBI

Hapa napita haraka. Waya za zamani zote toa, hata zinazoonekana nzima. Plastiki yake imekauka, ikisuguana na bodi ni moto. Weka fyuzi kwa kila kifaa na rilei kwa taa kubwa. Mipira ya mafuta badilisha yote kwa siku moja. Ya zamani inapasuka ndani kabla hujaona nje. Filta ya hewa iwe ya kusafishika, na mdomo wake uelekee mahali pa juu na pakavu. Vumbi letu la njia ya Rungwa ni laini kama unga wa muhogo, likipita kwenye kabureta hizo ringi mpya hazimalizi mwaka.

Kazi hii ya waya nayo imeniletea wateja. Matrekta mawili na Canter moja nimewafungia mfumo mzima upya, na faida imekatwa nusu kwa nusu kama kawaida.

MAHALI AMBAPO HAPATAFUTWI CHA BEI RAHISI

Kilichobaki ni keji, yale mabomba ya ndani yanayozuia paa lisibonyee gari likibingirika. Hapa kila mtu ana ushauri. "Fundi, chukua bomba la maji pale hadiwea, chomelea, nani atajua?"

Mkaguzi atajua. Na ukibingirika, kichwa chako kitajua. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu isiyopungua megapaskali 350. Tao kuu nyuma ya viti liwe la kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lina mshono, na likipondwa linafunguka kwenye ule mshono. Tena likiwa na zinki, ukilichomelea moshi wake unakuumiza mapafu.

Bomba la kanuni linaagizwa Dar na si la bei ya mchezo. Juu yake kuna viti, mikanda na vizimamoto vyenye tarehe ambayo haijapita. Hapa Tanzania msimamizi wa mchezo ni Chama cha Magari, AAT, na kwa magari ya kihistoria kuna kanuni za FIA za Kiambatisho K. Zisome kabla ya kukata bomba. Ukikata kwanza ukasoma baadaye, unalipa mara mbili.

Kopo la gari kwa sasa lina 260,000. Keji bado. Kwa hiyo gari halijakimbia, na halitakimbia hadi keji iwepo. Vijana wananibembeleza nilipeleke japo kwenye maonyesho ya Mkwawa Rally kule Iringa. Kulionyesha sawa, siku ikifika. Kulikimbiza bila keji, hapana.

Kwenye biashara yako pia kuna "keji". Kwa mama lishe ni maji safi na jiko lisilovuja gesi. Kwa bodaboda ni helmeti na breki. Kwa muuza dawa ni tarehe kwenye boksi. Bana matumizi kwingine kote, lakini hapo lipa bei kamili au subiri.

YA KUANDIKA KWENYE DAFTARI

1. Mradi wa moyo uwe na kopo lake. Pesa ikichanganyika, ndoto itakula duka kimyakimya na hutajua lini.

2. Kila hatua ya mradi iulizwe: nimejifunza nini ambacho jirani atanilipa nimfanyie? Mimi gari halijanipa kombe, ila limenipa mabamba 24 na kazi za waya.

3. Anza na karatasi, halafu kiunzi, halafu mashine. Rangi mwisho kabisa. Ukikuta mtu amepaka rangi kwanza, mwulize chini kuna nini.

4. Awepo mtu mmoja nyumbani mwenye haki ya kusema hapana, na akisema iheshimiwe. Si lazima awe mke au mume. Awe tu hana mapenzi na kile kitu kama wewe.

5. Bei ya kusubiri iandikwe, na bei ya kuharakisha iandikwe. Ukiziona zote mbili kwenye ukurasa mmoja, uamuzi hauchelewi.

Wiki ijayo kuna Noah mbili zinakuja kufungwa mabamba. Elfu arobaini kwa kopo la keji, elfu arobaini kwa kopo la duka... hapana, mama watoto amenisahihisha hapa pembeni: ishirini mara mbili kwa kila kopo, ndiyo arobaini arobaini. Hesabu imekubali, tuendelee na kazi.

Na wewe mwenzangu, una mradi gani umekaa juu ya stendi? Tuambie unauendeshaje bila kugusa mtaji, wengine wajifunze.